Chumba cha Kupikia Picha

Siku ya hitima ya Bi Saada nilikuwa uani kwao Kigombe, nimekaa kwenye mkeka nachambua mchele na wanawake wenzangu, niliposikia mpwa wake akisema mlangoni kwamba nje kuna mgeni ametoka Korogwe, Mkristo, mtu mzima mwenye mvi, amekuja kuhani msiba. "Anasema zamani alikuwa akimtengenezea marehemu kompyuta." Wenzangu waliendelea kuchambua. Mimi mkono ulisimama kwenye ungo. Nilijua ni Elia kabla hajatajwa jina, na jambo la kwanza nililolifanya, naliandika kama lilivyokuwa, ni kuangalia kama ua ule una mlango wa nyuma. Unao, unatokea kisimani. Sikuutumia, lakini sitasema ni kwa ujasiri. Magoti yangu siku hizi hayaniruhusu kuinuka haraka.

Mimi sikusoma zaidi ya darasa la saba, na wanaoandika vitabu sijui huanzia wapi. Ninachojua ni kuandika kwenye daftari mambo ya siku, tabia niliyoianza nikiwa msichana na sijaiacha, ingawa nikisoma ya nyuma nakuta nusu yake ni kujilaumu na nusu nyingine ni nilichokula. Kwa hiyo nitaandika mwaka mmoja tu, ule niliofanya kazi kwa Bi Saada pale Nguvumali, Tanga, nikiwa na miaka ishirini na sita. Nitajitahidi kumpa kila mtu haki yake. Ila niseme mapema kwamba katika habari hii kumpa kila mtu haki yake ndiko kulikoniponza, kwa hiyo msomaji asiniamini sana.

Studio yake ya picha ilikuwa na chumba cha mbele, chenye pazia la bluu na kigoda cha kupigia picha za pasipoti, na chumba cha ndani ambacho kilikuwa stoo zamani. Mimi nilikuwa wa ndani. Kulikuwa na dirisha moja la nondo upande wa mashariki, feni ya mezani iliyogeuza shingo mpaka nusu ikakwama, kompyuta yenye mgongo mkubwa, na kabati la vioo la kuwekea fremu na albamu. Mlangoni palining'inia pazia zito la kitambaa cha kochi, na hapo mwanamume hapiti. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya Bi Saada mjini. Alikuwa mwanamke anayepiga picha harusi za wanawake, siku bibi harusi anapopambwa na kutolewa nje, akakalishwa jukwaani kichwa wazi, nywele zimesukwa na maua, hina imefika mabegani, waone wanawake peke yao. Wapiga picha wanaume walikuwepo wengi na wengine walikuwa hodari kuliko yeye, nasema kweli, lakini ukumbini kule hawakuingia.

Alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwingine. Kamera aliipanga itoe picha mbichi. Mafundi wengine walipiga zile za kawaida, jeipegi, ambazo kompyuta yoyote inazifungua, hata simu. Mbichi ni faili zito ambalo kamera imelimwaga lilivyo, halijatiwa rangi wala mwanga, na bila programu yake maalumu halifunguki. Mafundi wakubwa huzipenda kwa sababu zinasahihishika vizuri. Bi Saada alizipenda kwa sababu hazifunguki. Harusi ikiisha, alimpa mama wa bibi harusi diski ya picha zote zikiwa mbichi, akamwambia maneno yaleyale, nimeyasikia mara nyingi mpaka nikayasema midomoni pamoja naye nikiwa nyuma ya pazia: "Diski hii hata akiiokota mwanamume akaitia kwenye kompyuta yake, itamwambia sikujui. Weka sandukuni. Siku ukitaka kuona, njoo nayo, mie nitakupikia." Na kweli akina mama walikuja, na diski zao zimefungwa kwenye kanga, wakakaa na mimi mle ndani wakachagua kumi, ishirini, nami nikazigeuza hizo tu. Kugeuza tulikuita kupika. Zilizobaki zilibaki mbichi.

Nikikumbuka furaha ya mwaka ule, ni hapo. Waliingia wanne kwa mara moja, chumba kikanuka udi na viazi vya rojo walivyokuja navyo kwenye bakuli, na picha ikifunguka wanaanza. Picha mbichi kwa macho imepooza, ina ukungu.

"Mbona mwanangu kama katoka kulazwa?"

"Subiri, bado haijapikwa."

"Basi mtie chumvi huyo, Rukia, sisi hatukuoza maiti."

Navuta mwanga, naongeza joto la rangi, hina inageuka kutoka kijivu inakuwa nyekundu ya damu ya mzee, na wote wanasema "Aaa" pamoja. Kisha wanaanza kuomba mambo yao. Mmoja anataka kidevu cha pili kitolewe. Shangazi mtu anamwambia: "Hicho si cha kutolewa na kompyuta, hicho kitolewe na mfungo." Saa saba tunakula. Bi Saada alikuwa mtu wa Kigombe hasa, haamini chakula bila samaki, na mara nyingi tulikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa papa, tumekaa chini, kibodi imefunikwa kwa kitambaa isije ikarukiwa na mchuzi. Nilidhani nitafanya kazi ile mpaka nizeeke.

Katikati ya mwaka kamera ya zamani ilikufa, Bi Saada akanunua nyingine, mpya. Harusi ya kwanza aliyoipiga nayo ilikuwa ya Nasra, msichana wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa apelekwe Pemba kwa mumewe baada ya wiki moja. Nilipozitia picha zake kwenye kompyuta, programu yetu ilikataa. Faili za kamera mpya haikuzijua. Nilijaribu siku mbili. Niliizima, nikaiwasha, nikaifuta, nikairudisha. Mama Nasra alikuja kila asubuhi, mwanamke mrefu wa maneno machache, akasimama kwenye pazia. "Bado?" Namwambia bado. Upande wa mume walikuwa wakitaka albamu ya kuondoka nayo, na bibi harusi asiye na albamu ya kuonyesha ukweni huonekana hakupambwa.

Fundi tuliyemjua alikuwa Elia. Wazazi wake walikuja kukata mkonge, wakabaki, naye alikuwa na meza yake ya kutengeneza kompyuta barazani Pongwe. Mlutheri, mpole, mwenye tabia ya kujibu swali baada ya kulifikiria mpaka unadhani hakusikia. Bi Saada alimpigia Mama Nasra kwanza, mbele yangu. Alimweleza hali, akasema atamwita Elia kwa sharti moja: ataketi kwa kuipa mgongo kompyuta, mimi ndiye nitakayeshika kipanya, na yeye atanielekeza kwa mdomo. Mama Nasra akakubali.

Elia alikuja asubuhi. "Shikamoo mama." Bi Saada akaitikia marahaba, akamwonyesha kiti, kimegeuzwa kinatazama kabati. Elia alikitazama kiti, akanitazama mimi, akakaa. Hakucheka wala hakununa. Alitoa flashi mfukoni akainyoosha nyuma ya bega bila kugeuka.

"Chomeka hiyo, dada Rukia. Umeona nini?"

"Kuna picha ya kitabu cha bluu."

"Kibonyeze mara mbili. Kimekuuliza nini?"

"Kimeandika Kizungu."

"Nisomee herufi."

Namsomea herufi moja moja, naye amefumba macho au ameyafumbua, hilo ndilo lililokuja kuwa neno. Nadhani tulikaa saa mbili. Alinieleza kwamba programu yetu ni ya zamani kuliko kamera, kwa hiyo tutazipitisha picha kwanza kwenye namna ya kati, mbichi ambayo programu nyingi zinaielewa, halafu kutoka hapo nitazipika kama kawaida. Picha ya kwanza ya Nasra ilipofunguka nilisema "Alhamdulillahi" kwa sauti, na Elia akasema "Imekubali?" akiwa bado anatazama kabati. Nimemwona mtu akifundisha kwa ubao, na kwa fimbo. Kwa mgongo nimemwona huyo tu. Bi Saada alimletea chai na mkate wa kumimina pale pale kitini, akala akitazama fremu tupu.

Wakati wa kukusanya vitu vyake, Bi Saada akiwa mbele na mteja, aliniuliza kwa nini tunajisumbua na mbichi. Nikamwambia: kwa sababu hazifunguki. Akafikiri, kama kawaida yake. "Dada Rukia, ile picha ndogo unayoiona nyuma ya kamera ukishapiga, unadhani inatoka wapi?" Sikujua. "Imo ndani ya faili lilelile. Kamera inapika moja haraka haraka, inaificha humo. Programu ndogo tu ya bure inaitoa, zote, kwa dakika." Alinitaka nizifunge picha za Nasra, akatumia picha aliyoipiga mwenyewe ya mbuzi wa jirani yake. Akageuka, akabonyeza mara mbili tatu, na mbuzi akatokea, mwenye rangi zake zote, hajapikwa na mtu. Nilifikiria masanduku ya Nguvumali, ya Ngamiani, ya Chumbageni, na diski zilizofungwa kwenye kanga.

Nilimwambia Bi Saada mchana uleule. Aliacha kula. Nitamtendea haki: hakuwa amewadanganya watu, alikuwa anaamini. Mtu aliyemuuzia kamera ya kwanza ndiye aliyemwambia hazifunguki, naye akajenga jina lake juu ya hilo. Aliuliza: "Nani mwingine anajua?" Nikasema Elia. "Elia hana maneno. Nipe mpaka mfungo uishe, Rukia. Nitapita nyumba kwa nyumba niwaambie mwenyewe. Wasiambiwe na mtu mwingine." Nikakubali. Ilikuwa imebaki wiki tatu Ramadhani iingie. Nasra akaenda Pemba na albamu yake, na diski ikabaki kwa mama yake.

Ramadhani haikufika mwisho. Siku moja akaja jirani, akatuambia kwamba kwa kinyozi kuna vijana wanarushiana picha kwa simu, na picha ni ya Nasra, yupo jukwaani, kichwa wazi. Habari ilifika Pemba kabla ya Idi. Mama mkwe akasema mke wa mwanawe ameonwa na mji mzima na akataka arudishwe kwao. Mume alikataa kumrudisha, Mungu amlipe, lakini hatukulijua hilo wakati ule. Wakati ule tulijua tu kwamba ndoa ya mtu imesimama kwenye ukingo, na kwamba anatakiwa mtu wa kubeba lawama.

Waliingia chumba cha ndani alasiri, Mama Nasra na shangazi wa bwana harusi, wakakataa kukaa. Bi Saada alisimama kati ya meza na pazia. Hakumtuhumu Elia, hilo nalishuhudia. Alisema: "Nilimkalisha mgongo. Aliyekuwa ndani ni Rukia, muulizeni yeye." Alilisema hilo bila kunitazama.

Shangazi akaanza: "Mwanamume mmoja tu ndiye aliyeingia humu. Mmoja! Sasa zimetoka vipi, zimeota miguu?"

Mama Nasra hakupaza sauti. "Rukia. Weye ulikuwepo. Waweza kuapa kwamba hakugeuka?"

Nimelifikiria jibu langu kwa miaka mingi kuliko nilivyofikiria ndoa yangu mwenyewe. Nilikuwa nimefunga, midomo mikavu, na akilini mwangu nilijiona mtu wa haki sana. Nilijiuliza: kabla ya yule mbuzi, picha za Nasra zikiwa wazi, ulimtazama? Sikumtazama, macho yangu yalikuwa kwenye skrini. Na mbele yake palikuwa na kabati la vioo, vioo huonyesha vya nyuma. Kuapa ni jambo kubwa, tena mchana wa Ramadhani. Na nikisema picha zinaweza kutolewa na yeyote mwenye diski, nimevunja ahadi ya Bi Saada, aliyesimama hatua mbili kutoka kwangu akinisikiliza. Yote hayo yalipita kwa muda mfupi kuliko ninavyoyaandika. Nikasema: "Siwezi kuapa."

"Basi," alisema Mama Nasra. Wakaondoka.

Siku ile kwenye daftari niliandika: *Leo nimesema kweli.* Chini yake nimeandika tulichofuturu.

Kesho yake asubuhi, Bi Saada hajafika, niliwasha kompyuta, nikafungua picha, nikaenda kukaa kwenye kile kiti nikatazama kabati. Nilichoona ni mwanga wa dirisha. Skrini ilikuwa doa jeupe, huwezi kujua kama ni bibi harusi au mbuzi. Nilikaa pale nikageuza shingo huku na huku, nikajaribu kuinama, nikajaribu kujinyoosha kama mtu mrefu. Doa jeupe. Ilinipasa nivae baibui niende kwa Mama Nasra papo hapo, sikwenda. Nilijiambia kwamba labda siku ile jua lilikuwa upande mwingine. Nilijiambia nisubiri nijaribu saa ileile aliyokaa Elia. Nilijaribu saa ileile. Doa jeupe. Hapo tena nikajiambia habari imeshapoa. Haikuwa imepoa.

Elia hakupigwa, hakutukanwa. Mji wetu hauna pupa hiyo. Wazee wawili walimwendea Pongwe kwa adabu, wakamwomba flashi zake na kompyuta zilizokuwa mezani, akawapa zote, hawakukuta kitu. Lakini wanawake waliacha kumpelekea simu zao, kisha waume zao wakaacha, na ofisi moja iliyokuwa ikimtegemea ikapata fundi mwingine. Wengine walianza kusema mambo ya dini yake, watu ambao walikuwa wakila naye. Nilisikia kwenye foleni ya maji mwanamke akisema: "Hata yule msichana wa studio amekataa kumwapia." Hakujua kama mimi ndiye yule msichana. Nilijaza ndoo yangu nikaondoka.

Elia alikuja studio mara ya mwisho baada ya Idi. Hakuvuka pazia. Alisimama upande wa pili, naona viatu vyake tu chini ya kitambaa.

"Dada Rukia, walipokuuliza ulisema nini?"

"Nilisema sikuona."

Alifikiri muda. "Hukuona nikigeuka, au hukuona nikikaa?"

Viatu vikasimama kidogo, vikageuka, na nikamsikia akimuaga Bi Saada kwa heshima ileile ya siku zote. Mwezi haukuisha akahamia Korogwe.

Nilimwambia Bi Saada tuseme sasa. Alikuwa akisugua sufuria, hakuinua kichwa. "Nikisema leo kwamba diski zinafunguka, kesho kila kijana wa Tanga ataitafuta ya dada wa mwenzake. Ni nyumba ngapi hizo, Rukia? Utawaponza wangapi kwa kumnusuru mmoja?" Hoja hiyo sijaweza kuijibu mpaka leo, na ndiyo maana siwezi kumwita mtu mbaya. Alichofanya ni kupita nyumba kwa nyumba kama alivyoahidi, lakini kwa uongo. Aliwaambia akina mama diski zinaota ukungu, azichukue, awape albamu kamili badala yake. Wakampa. Nilipika picha mchana kutwa kwa majuma, harusi baada ya harusi, kila bibi harusi kutoka kijivu kuja nyekundu, na wala hakuna aliyekuja tena kukaa nami akasema "Aaa". Diski tulizivunjia uani. Tulizitia kwenye gunia, Bi Saada akazitwanga kwa mchi wa kinu mpaka zikawa chenga zinazong'aa, jasho likimtoka, na akichoka ananipa mchi. Aliwahangaikia wote. Elia hakuwemo kwenye hesabu yake, na kwenye yangu pia. Mwaka ulipoisha nikaacha kazi, nikasema nina mchumba. Nilikuwa naye kweli, lakini sikuacha kwa ajili yake.

Sasa picha hizi zote zinaenda zenyewe. Watu wanajipiga harusini kwa simu na kabla wali haujaiva mji umeona. Binti yangu hanielewi nikimwambia kulikuwa na chumba kizima cha kufungua picha. Naogopa kwamba mambo tuliyomharibia mtu maisha kwa ajili yake hayapo tena, hata ya kuonyesha kwa kidole.

Basi, Kigombe. Niliweka ungo chini nikatoka. Wanaume walikuwa chini ya turubai upande wa barabara, na Elia alikuwa amekaa mwishoni, kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini. Aliniona akainuka. Tukasimama kando ya ukuta, mahali tunapoonekana na wote.

"Pole kwa msiba, dada Rukia."

"Zimetufika, kaka Elia. Ahsante kwa kuja."

"Marehemu alikuwa akinipigia kila Idi. Mwaka jana aliniomba radhi." Akafikiri. "Nikamwambia, mama, si wewe niliyekuwa nikikungoja."

Nilianza kumweleza. Nilimwambia habari ya kiti, ya kabati, ya doa jeupe, kwamba nilijua kesho yake tu kwamba hakuweza kuona kitu hata angetaka. Aliniacha niseme kidogo, kisha akainua mkono, taratibu.

"Usiniambie mimi. Mimi nilikuwepo."

Hakusema kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira. Alirudi akakaa.

Mama Nasra alikuwa ndani, kwenye kitanda cha kamba, amenyoosha mguu mmoja, mzee sasa. Nasra mwenyewe yuko Pemba, ana watoto wakubwa. Niliketi chini karibu naye, nikamshika mkono, nikamwambia yote kwa kunong'ona, wanawake wengine wakiwa wamejishughulisha na vyombo. Nilimwambia kwamba zile picha hazikuwa zimefungwa kamwe, kwamba yeyote mwenye diski angezitoa. Nilimwambia kwamba Elia hakuona kitu na kwamba ningeweza kuapa siku ya pili yake, nami sikwenda. Nilimaliza nikangoja anitoe pale.

Aliinamisha kichwa mpaka karibu na sikio langu.

"Ni Hamza," alisema.

Hamza ni mwanawe, mdogo wake Nasra. Wakati ule alikuwa akijifunza kompyuta kwenye ofisi moja mjini.

"Aliichukua diski sandukuni kwangu, ati ajaribu kama kweli haifunguki. Ikafunguka. Akamwonyesha rafiki yake mmoja, basi." Alivuta pumzi. "Aliniambia mwenyewe, analia, siku mbili kabla sijaja kwenu."

"Kabla?"

"Kabla. Nilipokuuliza unaweza kuapa, nilikuwa nishajua. Yule shangazi alikuwa pembeni yangu, na ndoa ya mwanangu iko mdomoni mwake. Akisikia ni ndugu yake bibi harusi ndiye aliyezitembeza picha zake, kwisha. Nilisimama pale namwomba Mungu usiape." Akanitazama. "Uliposema huwezi, nilishukuru. Usiku na mchana nakushukuru na nakuchukia."

Nilikuwa nimeubeba mzigo ule peke yangu nikiona ni wangu, kumbe kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake amekificha, Bi Saada, yeye, mimi, na aliyehamishwa na vipande vyote hivyo ni mtu ambaye hakuficha kitu. Nilitaka kukasirika, nikakuta sina nguvu. Nilisema tu: "Yupo nje."

"Nani?"

"Elia. Amekaa chini ya turubai na wanaume."

Alitazama mlango. Kisha akaanza kutafuta kandambili kwa mguu ule mzima, bila kuangalia chini, na alipozipata akajitanda mtandio. "Nishike. Goti hili halikunji." Mpwa wa Bi Saada akauliza bibi anakwenda wapi, kama anataka maji aletewe. Hakumjibu. Tulipita jikoni, tukapita uani, tukatokea upande wa wanaume, ambako mwanamke hapiti siku ya hitima ila awe amepotea au ameitwa. Mazungumzo yakafifia. Mzee mmoja akajisogeza, akavuta kiti.

"Bi Mkubwa, karibu, keti kwanza."

"Sikuja kuketi," alisema. Elia alikuwa ameshainuka, kofia mkononi. "Elia, na nyie nyote mnisikie. Aliyezitoa zile picha za Nasra ni mwanangu Hamza. Nilijua siku zile zile, nikakuacha ukabeba."

Aliuminya mkono wangu kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Haya. Na weye sema lako."

Nikasema.